Mashua Iliyosafiri Mabegani

Aprili 1876 mashua ilipita nchi ya Wasumbwa ikiwa mabegani mwa wapagazi. Ilikuwa Lady Alice, chombo cha mpelelezi Henry Morton Stanley, njiani kutoka Karagwe kwenda Ujiji. Mahali alipokutana na mtemi Mirambo mwezi huo alipaandika kwa jina Serombo. Msomaji wa Masumbwe atalisikia humo jina la jirani zetu wa Ushirombo. Mwaka uliotangulia, mashua hiyohiyo ilikuwa imelizunguka Ziwa Victoria kisiwa kwa kisiwa. Ushujaa wa mwenye chombo umeshasimuliwa sana. Tuchunguze kazi yenyewe ilivyofanyika.

Kwanza, maungio. James Messenger, muunda mashua wa Teddington kando ya mto Thames, aliiunda kwa mbao nyepesi za mwerezi, urefu futi 40, upana futi 6, ikigawanyika vipande vitano. Wazo lilikuwa zuri, lakini mizani ilikataa. Vipande vilipofika Zanzibar vilionekana vizito kupita kiasi, na fundi mmoja huko akavikata upya vibebeke. Bila msumeno ule, mashua isingetoka pwani. Msafara uliondoka Bagamoyo 17 Novemba 1874, ukafika Kageyi, ufukweni mwa Usukuma, 27 Februari 1875. Pale vipande vikaunganishwa.

Pili, watu. Tarehe 8 Machi walitweka tanga: Stanley na mabaharia 11. Usukani alishika Wadi Safeni, na Saramba, mwenyeji wa ziwani, akawa kiongozi wa njia. Ramani ya kuaminika haikuwepo; palipokosekana karatasi pakatumika macho ya Saramba.

Tatu, upepo. Huku ziwani safari haingoji kusi wala kaskazi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Usiku hugeuka: upepo hutoka nchi kavu, na pepo za pande mbili zikikutana katikati ya ziwa huzua ngurumo na dhoruba. Ndiyo maana mashua ndogo isiyo na sitaha huambaa pwani na kutafuta kisiwa cha kujikinga. Lady Alice ilifanya hivyo, ikipita Ukerewe, ikipanda upande wa mashariki hadi Buganda kwa Kabaka Mutesa, kisha ikashuka upande wa magharibi.

Huko ndiko udhaifu wake ulikofichuka. Tarehe 28 Aprili, katika kisiwa cha Bumbire, wenyeji waliwanyang'anya makasia. Stanley na watu wake wakajinasua kwa kufyatua risasi, na watu wa kisiwa wakafa. Majini, tanga bila upepo ni shuka tu. Mabaharia waling'oa mbao za kukalia wakazigeuza makafi, dhoruba ikawapeperusha wakiwa na njaa, hadi wakaangukia kisiwa kitupu ambacho Stanley alikiita Kimbilio. Hapo wakachonga makasia mapya, na 6 Mei wakarudi Kageyi. Agosti Stanley alirejea Bumbire na bunduki nyingi zaidi kulipiza kisasi. Hilo ni doa ambalo ustadi wa mashua hauwezi kulifuta.

Hukumu yangu ni hii: kilichofanikisha safari ni chombo kukubali kuvunjwa na kuungwa tena, pamoja na mabega ya wapagazi na maarifa ya wenyeji. Kilichokaribia kuiangamiza ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, kasia. Lady Alice yenyewe iliachwa juu ya mawe ya maporomoko ya Isangila, mto Kongo, mwaka 1877.

Kwa hiyo wewe unayepanda mtumbwi wa injini pale Nkome kwenda visiwani, kabla ya kuuliza mafuta yako kiasi gani, hesabu makafi.