Sifa za Fundi wa Miche

Mji wa Dar es Salaam haukosi waandishi wa kuisifu bahari yake, bandari yake, na majumba yake yanayozidi kurefuka kila mwaka. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiwataja wale ambao, tangu alfajiri mpaka magharibi, wameinama kandokando ya Barabara ya Bagamoyo baina ya Mwenge na Tegeta, au upande wa pili wa mji, katika Barabara ya Kilwa ielekeayo Mbagala, wakijaza udongo katika viriba, wakichambua mbegu, wakikata pingili, na kuinywesha miche ambayo siku moja itakuwa kivuli katika ua la mtu wasiyemjua. Kazi yao haina kibao cha duka, na aghalabu haina paa ila wavu mweusi au makuti machache yaliyotandazwa juu ya fito. Na maadamu haina kibao wala paa, watu wengi huihesabu kuwa ni uchuuzi tu. Mimi naihesabu kuwa ni sanaa, tena sanaa ya heshima, na nimeshika kalamu kwa nia ya kuisifu.

Chukua mkrismasi, kwa kuwa ndio mti ambao hata asiyejali miti huutambua. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, na kutoka huko ulisambaa katika nchi za joto duniani kote, hata leo vuli inapoingia na mwaka kukaribia ukingoni, hakuna mtaa wa Kinondoni wala wa Temeke usio na walau mmoja uliowaka wekundu juu ya mabati. Lishike ua lake moja mkononi ulitazame: petali nne ni nyekundu tupu, ilhali ya tano, iliyosimama peke yake, imenyunyiziwa weupe na umanjano, na chini yake nyuzi ndefu zimechomoza pande zote. Ua likianguka hufuata ganda, jeusi, gumu, ambalo huweza kupita nusu mita kwa urefu, na ndani yake kila mbegu imelazwa katika chumba chake. Mbegu hizo zimevaa gamba la ukaidi: ukizifukia hivi hivi zitakaa ardhini muda mrefu bila ya kujali mvua yako wala dua yako. Fundi huzimwagia maji ya moto, akaziacha zipoe na zilale humo usiku kucha, na asubuhi huzipekua kwa ncha ya kidole. Iliyovimba huiatika, na iliyobaki vilevile huirudisha majini.

Mwarobaini kwake ni mtihani wa namna nyingine kabisa. Mbegu yake haina gamba la kushindana nalo, bali haina subira. Ikikaa majuma machache tangu kuiva, uhai wake huondoka, na anayeinunua gunia zima kwa tamaa ya bei rahisi hununua takataka. Kwa hiyo fundi hujua miti mama iliko, hujua majira yake, huokota tunda likiwa limegeuka manjano, hulimenya, hulikausha kivulini, na kuatika upesi. Bogonvilia nayo hukatwa pingili za mti uliokomaa, wala haisumbuki na mbegu. Elimu hii yote haikuandikwa ukutani, imo vidoleni.

Lakini ikiwa nataka kumpima fundi, sitazami majani. Majani humdanganya mnunuzi, kwa sababu mche wowote ukilishwa mbolea ya dukani kwa wiki mbili hung'aa kijani cha kutia tamaa, na ulioachwa katika kiriba kidogo kwa miaka miwili huwa na shina nene la kupendeza, kumbe chini mizizi imekosa pa kwenda, ikajizungusha na kujisokota yenyewe kwa yenyewe. Mti wa jinsi hiyo ukipandwa huendelea kujinyonga chini kwa chini, na siku kusi inapovuma kwa nguvu hulala chini, mwenye nyumba akalaumu upepo. Fundi wa kweli huvihamisha viriba kila baada ya muda, ili mizizi isipenye ikashika ardhi ya kitalu, huikatia iliyotokeza, huupeleka mche katika kiriba kikubwa kabla haujaomba, na majuma ya mwisho huupunguzia maji na kuutoa kivulini kidogo kidogo, upate kulizoea jua la Dar es Salaam, ambalo halimhurumii mgeni. Hata maji huyaonja kwa ulimi, kwa kuwa visima vingi vya pwani hii vina chumvi, na chumvi huanza kuunguza ncha za majani kabla mtu hajajua kosa liko wapi.

Kitalu, fauka ya kuwa ni mahali pa kazi, ni baraza. Pana ubao umewekwa juu ya matofali, na aketiye hapo hata kama hakuja kununua hafukuzwi, ndipo mazungumzo ya miti na ya nchi yanapoanza. Aliyekulia Arusha huulizia mjakaranda, akasimulia barabara zilizotandikwa maua ya zambarau. Aliyetoka Makete huzieleza nyanda za Kitulo, ambazo watu huziita Bustani ya Mungu na ambazo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, jinsi mvua inavyozigeuza kuwa zulia la maua ya porini. Na mama wa Kiunguja huutaka mlangilangi, akakumbusha kwamba ua lake likiwa kijani bado ni changa, na kwamba harufu hutimia likishageuka manjano, ndipo lichumwe asubuhi na mapema na kutiwa nyweleni pamoja na asumini. Fundi husikiliza yote hayo kwa adabu, mikono yake ikiendelea na udongo, kisha humwambia yule wa Arusha, bila ya kumvunja moyo, kwamba mjakaranda hupenda nyanda za juu, na hapa katika joto la pwani utaota, utakua, lakini utachanua kwa unyonge.

Katika kitalu kimoja cha Temeke nilimsikia binti mmoja akimwamkia mzee mwenye miche, "Shikamoo, baba," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Binti alitaka mkrismasi, tena ule mkubwa uliokwisha kupita kimo chake.

"Hapo unapotaka kuupanda, ukuta uko mbali?"

"Hatua tatu hivi, baba."

"Na shimo la choo?"

Binti akacheka, akakiri kwamba liko hapo hapo.

"Basi huo si mti wako. Mizizi yake hutambaa juujuu, itakuinulia sakafu na kukupasulia ukuta. Chukua bogonvilia, uipogoe kila mwaka."

Bogonvilia ilikuwa rahisi kuliko mkrismasi, na mzee yule alijua fika kwamba maneno yake yamempunguzia chakula cha siku. Muuzaji anayeuliza habari za ukuta wako kabla hajaitaja bei, huyo kwangu ni msanii.

Sisemi kwamba elimu ya bustani ilianzia barabarani. Bustani ya Mimea iliyoko katikati ya mji iliasisiwa mwaka 1893, zama za Wajerumani, chini ya Profesa Stuhlmann, kwa ajili ya kujaribia mazao ya kibiashara, na mwaka 1902 ikafuata taasisi ya Amani huko Usambara. Hata hivyo aliyezifikisha bustani katika nyua za Tandika, Kijitonyama na Mbagala, ambako hakuna aliyewahi kuajiri mtunza bustani, ni huyu mwenye viriba. Naye anakaa mahali pasipo pake: kitalu chake kimo katika hifadhi ya barabara, na barabara ikipanuliwa, iwe kwa magari ya kawaida au kwa mabasi yaendayo haraka, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa ahame, na mche unaohamishwa kwa papara wakati wa jua kali humtia hasara ambayo halipwi na mtu. Mji unaohimiza wananchi wapande miti kila mwaka ungeweza kuwatengea wakuza miche wake vipande vya ardhi visivyohamahama, na naona ni dhuluma kwamba bado hawana uhakika huo.

Basi, ndugu msomaji, mwezi wa Machi ukiingia na mawingu ya masika yakianza kujikusanya, nenda kitaluni. Mweleze fundi ukubwa wa ua lako na lilipo shimo lako la choo, mwombe akuoneshe mizizi na wala si majani, chimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana kadhalika, na bei atakayokutajia, usiipunguze sana.