Mhasibu Asiyegusa Kibodi

Mhasibu mstaafu ninayetaka kumsifu hagusi kibodi. Huketi ubavuni mwa mtu, kiti kikiwa nyuma kidogo, akamwacha mwenyewe aingize tarakimu zake. Ni hapa St Marys, magharibi mwa Sydney, kwenye reli ya kwenda Penrith, kwenye makazi ya madereva, vijana wa maghala na kina mama wanaolea wazee wa watu majumbani. Wapo pia waliotoka Kongo, Burundi na Kenya. Wakenya wanaijua ritani ya kodi kupitia iTax ya kila Juni. Kwa wengine ni jambo geni kabisa.

Mwaka wa kodi wa Australia huisha 30 Juni, na anayejaza mwenyewe ana muda hadi 31 Oktoba. Kati ya Julai na Oktoba, mamlaka ya kodi huendesha mpango uitwao Tax Help: watu wa kujitolea huketi kwenye maktaba na vituo vya jamii kuwasaidia bure wenye kipato cha dola 70,000 hivi kushuka chini. Si lazima mtu awe mhasibu, maana mamlaka huwafundisha. Lakini akiketi aliyeishi na vitabu vya hesabu maisha yake yote, tofauti unaiona.

Unaiona kwanza kwenye maswali. Haulizi, "Unafanya kazi wapi?" Humwomba mtu amsimulie mwaka, mwezi kwa mwezi, na yeye akasikiliza bila kuandika. Nilidhani ni maongezi ya kumtuliza mgeni. Kumbe anatafuta mwajiri wa pili. Dola 18,200 za kwanza za mwaka hazitozwi kodi, na nafuu hiyo mtu anapaswa kuidai kwa mwajiri mmoja tu. Akiweka alama ya ndiyo kwenye fomu za waajiri wawili, kila mmoja humkata kana kwamba hana kazi nyingine. Mwisho wa mwaka mapato hujumlishwa, na aliyetarajia kurudishiwa fedha anajikuta anadaiwa. Kompyuta itamwonyesha deni. Mzee huyu humwonyesha lilikozaliwa, kisha humwambia amwendee mmoja wa waajiri abadilishe fomu, ili mwaka ujao lisijirudie.

Halafu yapo makato ya gharama za kazi, na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Sare yenye nembo ya kampuni, mtu akiifua mwenyewe, anaweza kudai dola moja kwa kila mzigo wa nguo za kazi pekee, senti 50 zikichanganywa na nyingine. Hadi dola 150 haihitaji risiti. Suruali nyeusi ya kawaida haimo, hata kama bosi ndiye aliyeiagiza. Nauli ya kutoka nyumbani hadi kazini haimo. Ila mama anayetoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mzee mwingine kwa gari lake, safari hiyo ya katikati anaruhusiwa: senti 88 kwa kilomita kwa mwaka wa 2024–25, mwisho kilomita 5,000. Wengi hawaidai kwa kuwa hawajui kwamba ni kazi. Yeye huichokonoa taratibu: "Baada ya mteja wa asubuhi, ulikwenda wapi?"

Na anajua kukataa. Sadaka ya kanisani kwa kawaida haipunguzi kodi. Fedha zilizotumwa Bujumbura kumlipia mdogo wako ada, vilevile. Analisema hilo akimtazama mtu usoni, kwa heshima, akijua kwamba fedha hizo ndizo zilizomchosha mwaka mzima.

Mwanzoni mwa Julai huwarudisha watu nyumbani. Taarifa ya mapato kutoka kwa mwajiri inaweza kubadilika hadi itakapotiwa alama kwamba iko tayari, na riba za benki hujijaza zenyewe kuelekea mwisho wa mwezi. Anayewahi huenda akalazimika kusahihisha baadaye. Mtu mwenye bili mkononi hapendi kuambiwa asubiri wiki tatu. Yeye humweleza sababu, akampa tarehe ya kurudi.

Mzee hawezi kabisa kumsaidia dereva wa teksi za programu ya simu, kwa kuwa huyo anahesabiwa mfanyabiashara na mpango haumhusu. Kichwani uwezo anao. Amewafungia hesabu wafanyabiashara wakubwa kuliko huyo. Lakini havuki mipaka ya mpango. Humwelekeza kwenye kliniki za kodi za vyuo vikuu, ambako wanafunzi husimamiwa na wataalamu, na kabla hajaondoka humwandikia kwenye karatasi vitu vya kubeba: taarifa za malipo za mwaka mzima, risiti za mafuta, bima ya gari, na daftari la kilomita. Kama daftari hilo hana, humwonyesha papo hapo namna ya kulianzisha: tarehe, usomaji wa mita mwanzo na mwisho wa safari, na sababu ya kwenda.