Mkoko Hupimwa Kileleni

Nimechoka kusikia upanzi mbovu ukisifiwa. Kando ya njia ya mtoni hapa Ozi, kwenye delta ya Mto Tana, hufanywa pambo: mawe ya chokaa, kibao cha rangi, miche ya mkoko iliyopangwa kwa kamba. Wageni hupiga picha, wakaenda zao wakisema pamependeza.

Mstari ulionyooka ndiyo alama ya kwanza ya kazi ya pupa. Mlilana ukae mbele unapopigwa na bahari, mkoko nyuma yake penye tope laini, mkandaa na mchu juu zaidi, na penye maji baridi msikundazi. Anayejaza mkoko mtupu kutoka majini hadi njiani hajui mti hata mmoja.

Lakini linalowapita wengi ni shingo ya mbegu, pale inaposhikana na tunda. Mbegu ya mkoko humea ingali juu ya mti mamaye. Ikikomaa, chini ya tunda hutokea pete ya manjano. Ukiigusa hujiachia, na ncha ya chipukizi hubaki nzima. Mzee aliyenifunza hakuvuta. Aliizungusha mbegu kwa vidole viwili, ikikataa akaiacha, hata kama mtumbwi ungali mtupu na maji yanakupwa.

Nimemwona pia mlanguzi wa miche, anayelipwa kwa idadi, akiangua mbegu mbichi kwa fimbo na kung'oa matunda kwa nguvu ili zionekane zimekomaa. Nchani palibaki jeraha. Zilipandwa, zikasimama za kijani majuma kadhaa kwa akiba iliyomo ndani yake, kibao kikazinduliwa, watu wakapongezana. Kisha zikaoza.

Kabla Kenya haijapiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje mwaka 1982, wakataji walitambua ukubwa wa nguzo, fito, pau, mazio au boriti, kwa jicho, mti ukiwa bado umesimama. Jicho lile ndilo lililojua mbegu. Siku hizi miche huhesabiwa tu, wala haitazamwi.

Maji ya chumvi yanayopanda mtoni yameharibu mashamba ya Ozi, na kila upanzi unaokufa ni msimu uliopotea. Basi ukialikwa kwenye uzinduzi, inama kwanza uangalie vilele vya miche mitatu, popote pale. Kimoja kikiwa cheusi, usipige makofi.