Akili Iliyofichwa Kwenye Saruji

Tukitaja urithi wa majengo, mawazo hukimbilia Lamu na Mombasa, kwenye milango ya nakshi. Gorofa za maduka na ofisi zilizojengwa Kitale na Bungoma kati ya miaka ya 1950 na 1970 huitwa saruji tu. Hukumu hiyo haina haki, kwa maana ubunifu wa jengo hupimwa kwa tatizo lililotatua. Karibu na ikweta, jua la adhuhuri huzuiwa na paa. Linalotesa ni la asubuhi na la alasiri, linaloingia dirishani kwa ulalo. Wasanifu wa mtindo wa kisasa walilijibu kwa vizuizi vya wima vya saruji na kuta za matofali yenye matundu, ili hewa ipite na jua libaki nje bila kulipia umeme. Tazama bamba la saruji linalokinga dirisha. Chini ya ukingo wake fundi makini huacha mfereji usiozidi upana wa kidole. Maji ya mvua yakifika hapo hudondoka, yasitambae hadi ukutani. Ukizibwa kwa plasta, ukuta huanza kuota ukungu.

Watasema majengo haya hayajazeeka. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 haidai uzee: jengo la umri wowote laweza kulindwa kwa thamani ya historia au usanifu wake. Jumba la KICC la Nairobi, lililobuniwa na Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso na kukamilika 1973, linaenziwa na taifa zima. Mbona akili ileile ipuuzwe ikiwa na gorofa mbili? Watasema mtindo ni wa kigeni. Asili yake ni ng'ambo, naam, ila jua lililoulazimisha kubadilika ni letu. Hoja nzito ni bei ya ploti, lakini kuhifadhi si kugandisha: duka libaki duka, vyumba vibadilishwe, uso na vivuli viachwe. Nyufa nazo zizibwe mapema, kabla maji hayajafikia nondo, kwani kutu huvimba na kuipasua saruji. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti mipango ya miji. Basi Trans Nzoia na Bungoma zisitoe kibali cha kubomoa kabla jengo halijapimwa, kuchorwa na kupigwa picha, na nakala ziwekwe katika Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974. Asiyejua alichonacho hawezi kuamua kwa haki akibomoe au akitunze.