Poda si dawa: ushauri mbovu kuhusu darubini zinazonata

Kila msimu wa kuhesabu ndege wa ufukweni unapokaribia, mtu mmoja wa maabara yetu hufungua kabati, hutoa darubini na kuuliza: "Hii nani kaimwagia soda?" Hakuna aliyeimwagia kitu. Ile raba nyeusi iliyokuwa laini ya kupendeza sasa inanata kama chingamu iliyosahauliwa chini ya dawati. Inashika vumbi, nywele, nyuzi za shati, na ukiishika nusu saa viganja vinakuwa vyeusi.

Ukiomba msaada, utapewa ushauri uleule. Paka poda ya mtoto. Futa kwa petroli. Thina inatoa kila kitu. Mwaka juzi niliufuata wote, nikaanza na poda nikamalizia na thina, na darubini ile leo kazi yake ni kuzuia karatasi zisipeperuke mezani. Kwa hiyo naomba niukosoe vizuri, maana waliponishauri hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Kosa lao kubwa liko kwenye neno "safisha". Wanadhani mnato ni uchafu uliotoka nje ukakaa juu ya raba. Kumbe ni raba yenyewe inayovunjika. Kwenye darubini nyingi utando ule laini ni rangi ya poliyurethani iliyopuliziwa juu ya plastiki ngumu. Poliyurethani ni minyororo mirefu ya molekuli, na katika aina moja inayotumika sana, minyororo hiyo imeunganishwa kwa viungo vya esta. Maji hukata esta. Si lazima yawe maji ya mvua, hata unyevu wa hewa unatosha, na joto huongeza kasi. Sasa sikiliza hapa: kila kiungo kinachokatika huzaa asidi, na asidi hiyo huharakisha kukatika kwa kiungo kinachofuata. Ndiyo maana miaka inapita huoni dalili yoyote, halafu ndani ya msimu mmoja kitu kizima kinageuka ulimbo. Ukiichukua darubini ya aina hiyo ukaifungia zipu ndani ya mkoba wake, kabatini, Dar es Salaam au Mombasa, umeiandalia kila kitu inachohitaji ili ioze.

Wapo wanaolaumu mafuta ya mikononi. Hao wamegusa ukweli kidogo. Dawa ya mbu yenye DEET hulainisha na kuharibu plastiki na raba nyingi, na sisi wa porini tunajipaka halafu tunashika darubini bila kufikiri. Lakini hiyo haielezi kwa nini ile ambayo haijaguswa miaka mitatu nayo inanata.

Turudi kwenye poda. Inafanya kazi, tuseme ukweli: kwa mchana mmoja. Inajaza juu ya mnato, mkono unahisi ukavu, unafurahi. Chini yake minyororo inaendelea kukatika, na baada ya wiki una tope la kijivu lililoingia mpaka kwenye gurudumu la kurekebishia. Na soma kopo kabla ya kununua, kwani poda nyingine za watoto ni wanga wa mahindi. Wanga, kwenye unyevu wa pwani, ni chakula cha kuvu. Unaweka chakula cha kuvu sentimita mbili kutoka kwenye kioo!

Thina ni janga. Thina na asetoni hushambulia polikaboneti, plastiki inayotumika kwenye miili ya darubini nyingi, zikaacha ukungu na nyufa ndogondogo. Petroli nayo huvimbisha baadhi ya raba. Darubini zisizoingiza maji mara nyingi hujazwa naitrojeni kavu, na kinachoizuia gesi hiyo isitoke ni pete nyembamba za raba. Pete zikiharibika, naitrojeni inatoka, unyevu unaingia. Yangu ilianza kwa mvuke ndani ya kioo kila asubuhi. Kisha kuvu ikaota, nyuzi nyeupe kama mizizi, na chekeamwezi wote wakafanana.

Ninachotetea mimi ni kuacha kuiponya na kuutoa utando wote. Tumia alkoholi ya isopropili. Lowesha kitambaa, usilowanishe darubini. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha. Sugua eneo dogo dogo, mbali na kingo za vioo na gurudumu. Utando hutoka kama lami, unaharibu vitambaa vingi, na unakula mchana mzima. Mwishoni unabaki na plastiki tupu, inayoteleza, isiyo na maandishi. Wapo wanaochukia sura hiyo. Mimi naipendelea kuliko mikono myeusi.

Ila ushauri wangu nao una mpaka wake. Kama ni gamba nene la raba, linalobonyea ukilikandamiza kwa ukucha, alkoholi itaondoa tabaka la juu tu, na mnato utarudi. Hapo ni kulifunika au kulibandua. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinafaa kuliko unavyodhani: tyubu nyingi ni raba ya butili, ambayo huvumilia hewa na ozoni vizuri, na fundi baiskeli atakukatia kwa bei ya chai.

Watengenezaji nao wasijifiche nyuma yetu. Ipo poliyurethani ya etha, inayovumilia maji vizuri zaidi ingawa mwanga na oksijeni huisumbua zaidi. Yaani kuna uchaguzi unaofanywa, na kuweka kioo cha kudumu maisha yote ndani ya ngozi isiyodumu ni uchaguzi mbaya kwa mtu anayeishi kwenye joto na unyevu. Na sisi wa sayansi? Tunasema "hidrolisisi" kisha tunaondoka, tukimwacha mtu na chupa ya thina mkononi.

Darubini ya pili ya maabara niliivua utando mwezi uliopita. Inakaa kwenye rafu wazi, nje ya mkoba, imevaa tyubu. Jumamosi tunaanza kuhesabu; atakayeichukua anawe dawa ya mbu mikononi kwanza.