Kiumbe Kwanza, Mkufunzi Baadaye

Wasifu wa mhusika ukiletwa mbele yangu, siusomi kuanzia juu. Naruka jina, umri, rangi ya macho na zile aya za utoto wa mateso, nakwenda moja kwa moja pale mwandishi alipomweleza kiumbe anayefuatana na mhusika wake. Katika michezo hii ya kuigiza kwa maandishi mtandaoni, ambamo kila mchezaji huandika sehemu ya mtu wake kisha mwenzake akaipokea hadithi na kuisogeza mbele, kiumbe ndiye anayefichua upesi kama mwandishi amefikiri au amejaza fomu tu. Kijana mwenye huzuni na nywele za rangi ya fedha anaandikwa na yeyote. Mnyama wa ajabu anayeishi na kijana huyo, anayekula, anayenuna, asiyesema lugha ya watu, huyo anataka jicho.

Nitakaa zaidi katika ulimwengu wa Pokémon kwa kuwa ndio unaojulikana kuliko yote ya aina hii. Michezo ya kwanza, Red na Green, ilitoka Japani Februari 1996 ikiwa na viumbe 151, na muasisi wake Satoshi Tajiri aliitoa katika mapenzi yake ya utotoni ya kukusanya wadudu. Hapo kwenye kukusanya ndipo ulipo mtego wa kwanza. Mchezo unamruhusu mkufunzi kutembea na viumbe sita, basi mwandishi mgeni anaona sita ni haki yake: Charizard, Lucario, Gengar, Gardevoir, Dragonite na Tyranitar, wote wakali, wote wazuri pichani, hakuna hata mmoja mwenye sababu ya kuwepo. Sita ni idadi ya vita. Katika hadithi hata wawili ni kazi, maana kila zamu yako ya kuandika lazima ukumbuke wako wapi na wanafanya nini wakati watu wanazungumza. Hadithi ikifika mbali kidogo utakuta wanne kati ya wale sita wamefungiwa ndani ya Poké Ball, mipira ya kuwabebea, na mwenye nao ameshawasahau.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja: mwondoe kiumbe katika wasifu, kisha usome tena. Mkufunzi akibaki vilevile, na tabia zake zilezile na shida zake zilezile, ujue kiumbe aliwekwa kuwa pambo.

Chukua mfano huu nilioutunga makusudi. Nagisa, miaka 19, ni karani wa mizigo katika bandari ya Slateport, kwenye eneo la Hoenn la ulimwengu huo. Baba yake alikuwa mchukuzi wa gatini, na alipofariki aliacha Machoke aliyefanya naye kazi. Machoke ni kiumbe wa misuli anayevaa mkanda wa kuzuia nguvu zake zisimshinde, na katika ulimwengu ule ni jambo la kawaida kumwona akisaidia watu kazi nzito. Huyu wa Nagisa huamka kabla ya alfajiri na kwenda gatini hata siku isiyo na meli. Anamheshimu Nagisa kama binti wa marehemu, lakini hamkubali kuwa bosi wake: akiamriwa kuinua shehena anayoona haikufungwa sawasawa, hukunja mikono na kusubiri. Anaitikia mluzi mmoja tu, ule wa marehemu, na Nagisa hajui kupiga mluzi.

Hapo ukimwondoa Machoke, Nagisa anabaki karani asiye na hadithi. Angalia pia jinsi kanuni za mchezo zilivyotumiwa bila kutajwa. Katika michezo ya Pokémon, kiumbe uliyepewa na mkufunzi mwingine anaweza kukaidi amri zako ikiwa kiwango chake kimezidi kile ambacho beji zako zinakuruhusu. Ukaidi wa Machoke sikuubuni kutoka hewani. Niliuchukua kwenye kanuni nikauvika mwili. Ule mkanda nao ni mali. Siku ukikatika wakati wa ugomvi, msimamizi wa mchezo ana tukio tayari mkononi.

Linganisha na wasifu unaosema: Cubone wangu ana huzuni kwa sababu mama yake alikufa. Kila aliyewahi kucheza anajua kwamba Cubone huvaa fuvu la mama yake. Hayo ni maelezo ya spishi nzima, na mwandishi ameyarudia tu. Mimi nataka kujua habari za Cubone huyu mmoja. Fuvu likichafuka nani anaruhusiwa kuligusa? Anapolala analivua? Mwandishi akijibu swali moja la namna hiyo kwa sentensi moja, namsamehe mengine mengi.

Tabia ni eneo jingine ambalo wengi hupita mbio. Tangu Ruby na Sapphire za mwaka 2002, kila Pokémon ana hulka moja kati ya 25, na nyingi kati ya hizo huongeza uwezo mmoja kwa asilimia 10 na kupunguza mwingine kwa kiasi hichohicho. Mwandishi mvivu hunakili jina la hulka na kuendelea na safari. Lakini hulka hizo huamua pia ladha ambayo kiumbe anaipenda na ile asiyoipenda, na tangu mwaka 1999 kuna dawa za mitishamba ambazo zinaponya kwa nguvu lakini kwa uchungu wake hupunguza mapenzi ya kiumbe kwa mwenye naye. Tayari una hadithi: mkufunzi asiye na fedha, mwenye mgonjwa, na dawa iliyopo ni ile inayochukiwa. Anamnywesha kwa nguvu, au anakwenda kukopa? Nikikuta jambo kama hili kwenye wasifu natambua kwamba mwandishi ameishi na mchezo wake.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Japani ndipo ajue kiumbe mwenza mzuri anafananaje. Katika kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 miongoni mwa hadithi alizozikusanya Zanzibar, maskini anayechakura jaani anamnunua paa, na paa huyo ndiye anayepanga kila kitu: anatafuta posa, anasema uongo kwa niaba ya bwana wake, anamuua nyoka na kumpatia bwana nyumba na mali. Kisha paa anaugua, na yule bwana anamdharau hata kwenye uji. Kitazame kisa hicho kwa jicho la mchezaji. Paa ana akili kuliko mwenye naye, ana deni analodai, ana kiburi chake, na ubaya wa binadamu unajulikana kwa namna anavyomtendea mnyama. Hakuna hata mahali pamoja ambapo paa ni silaha tu. Mtu angeniletea wasifu wa jozi ile leo, ningeupitisha bila swali.

Ugomvi kati ya kiumbe na mwenye naye, basi, ndio ninaoutafuta baada ya kipimo cha kwanza. Urafiki usio na doa hauandikiki kwa miezi. Utaandika wamekumbatiana, halafu? Katuni za televisheni za Pokémon zilizoanza Aprili 1997 ziliufahamu ukweli huu mapema. Pikachu alianza kwa kukataa kuingia kwenye mpira na kumpiga shoti mkufunzi wake, Ash, na Charmander aliyeokolewa mvuani, baada ya kutupwa na mkufunzi wake, alikuja kukua akawa Charizard asiyesikia la mtu. Watazamaji wanamkumbuka Charizard huyo kwa sababu ya miaka ile ya ukaidi.

Mfululizo wa Digimon, ulioanza kuonyeshwa Japani Machi 1999, ulikwenda mbali zaidi. Kule kiumbe hupevuka kutokana na hali ya moyo wa mtoto aliyefungamana naye. Mtoto mmoja, Taichi, alipolazimisha, akamshindilia mwenzake Agumon chakula na kujitia hatarini makusudi ili apate umbo la juu, alichokipata ni SkullGreymon, mifupa mitupu inayoangamiza kila kitu bila kujua rafiki wala adui. Nasema hivi kwa sababu karibu kila wasifu huwa na sehemu ya mipango: kiumbe wangu atapevuka mara mbili, atafika umbo la mwisho. Ratiba ya namna hiyo haina uzito. Mwandishi mwenye ufundi huandika ni kosa gani la mhusika wake linaloweza kumharibu kiumbe, na akakubali kwamba huenda litatokea.

Wapenzi wa mazimwi yarukayo ya Pern, ulimwengu wa Anne McCaffrey ambao riwaya yake ya kwanza, Dragonflight, ilitoka mwaka 1968, wana ugonjwa wao. Zimwi la Pern humchagua binadamu wake siku linapoanguliwa na huzungumza naye kwa mawazo, na mpandaji akifa, zimwi humfuata. Rangi zina daraja: dhahabu ndiye malkia, shaba wanafuata, kijani na buluu ndio umma. Kila mchezaji mgeni anaomba dhahabu. Kwangu mimi wapandaji wa kijani ndio wenye hadithi nzuri, kwa sababu malkia ana mengi ya kupewa na machache ya kutafuta. Ubaya mwingine wa Pern ni mazungumzo hayo ya mawazo yenyewe; yanamrahisishia mwandishi hadi zimwi na mpandaji wanakuwa na sauti moja. Funika majina kwenye mazungumzo yao. Usipoweza kutambua nani anasema, rudisha kazi.

Sasa tumgeukie mhusika mwenye umaarufu mbaya. Mwaka 1973 Paula Smith aliandika kisa kifupi cha kuwadhihaki waandishi mashabiki wa Star Trek, kuhusu Mary Sue, luteni wa miaka 15 na nusu, mdogo kuliko wote na hodari kuliko wote. Jina hilo limebaki kuwa la mhusika yeyote asiye na kasoro. Katika michezo ya viumbe Mary Sue hujificha. Mwandishi ameshasikia lawama, basi anamfanya mkufunzi wake mnyenyekevu, mwenye haya, hata kilema, halafu sifa zote anazimwagia kwa kiumbe: ana rangi adimu, anajua lugha ya binadamu, ana damu ya kiumbe mashuhuri Mewtwo, hajawahi kushindwa. Ile rangi adimu, katika michezo ya zamani, ilimpata kiumbe mmoja kati ya 8192. Mchezo wenye wachezaji wanane na viumbe watano wa rangi hiyo umeshapoteza maana ya uadimu. Kwa hiyo ninapomtafuta Mary Sue nawakagua wote wawili, na aliyeandikwa kwa unyenyekevu mwingi ndiye nisiyemwamini.

Historia ya nyuma nisingependa izidi ukurasa mmoja. Wazazi waliouawa na genge la Team Rocket wametosha; makaburi yao yangejaza eneo zima la Kanto. Picha nzuri haiongezi alama. Umri ufanane na mambo anayoyafanya: Ash alianza safari akiwa na miaka 10, lakini ule ni ulimwengu wa watoto wanaotazamwa na watoto, na mchezo wenu ukiwa na vita vya kuumiza, mpeni mtu mzima.

Kuna neno la pembeni kuhusu mahali. Kanto ilichukuliwa kutoka Kanto halisi ya Japani, Unova kutoka New York, Kalos kutoka Ufaransa, na Paldea ya mwaka 2022 kutoka Hispania na Ureno. Hadi hapo, hakuna eneo la michezo mikuu lililotokana na Afrika. Wachezaji wa kwetu wanaobuni pwani yao wenyewe wana uwanja mtupu, na wengi huuharibu kwa kupanda mibuyu na kuita kazi imekwisha. Nataka kujua ni kiumbe gani anayevuta majahazi upepo ukikata, na leseni yake inatolewa na nani.

Mwisho soma mfano wa uandishi, aya chache ambazo mwombaji hutakiwa kuzitunga. Hapa tazama mambo mawili. Je, anawaamulia wenzake? Anayeandika kwamba pigo lake limempata mpinzani na mpinzani ameanguka, amenyakua kalamu ya mtu mwingine, na hata awe fundi kiasi gani atawafukuza wachezaji wenu. Na je, ameacha mlango? Wasifu wa Nagisa una milango: anayejua mluzi wa marehemu, nahodha aliyemdhulumu baba, mtu anayetaka kumnunua Machoke. Mchezaji mwenzake anaweza kuingia leo bila kuomba ruhusa.

Ukiwa msimamizi, usimkatalie mtu kwa neno moja. Aliyekuletea viumbe sita mwambie abakize wawili, na kwa kila mmoja aandike jambo moja ambalo kiumbe huyo analikataa katu, hata akiamriwa na anayempenda. Akikosa la kuandika, mhusika wake hajawa tayari.