Ustahimilivu wa nani?



Hili neno "ustahimilivu" katika maandiko ya miji na tabianchi linanikera. Kwa Kiswahili chetu mstahimilivu ni anayevumilia shida. Sasa jamani, mtu wa Jangwani avumilie mpaka lini? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Baadhi ya walionusurika wakapelekwa Mabwepande, kilomita 30 hivi kutoka mjini, mbali na vibarua vyao. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikabomolewa, eti pale ni hatari. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi, na karakana yao wapi? Hapohapo Jangwani! Maji yakaifuata, tena si mara moja.

Huku kwetu, Brentford na Chiswick zinakingwa na lango la mto Thames tangu 1982, na sijasikia mtu akihimizwa kustahimili. Mimi ningesema "kinga". Kinga ina mjenzi, na mjenzi anadaiwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya Msimbazi. Hizo ni za kujenga, si za kuvumilia.

Wenzetu watunga istilahi, nani alilipitisha neno hili?